Kutoka Mkate hadi Keki: Vitenzi, Vipimo na Mapishi ya Kale katika Vitongoji vya Dar es Salaam



1. Utangulizi

Mtu anayetaka kuandika historia ya keki katika Dar es Salaam huanza, kwa kawaida, na neno keki lenyewe. Neno hilo halina siri kubwa. Limetokana na Kiingereza, na Kiingereza nacho kililipokea kutoka lugha za Skandinavia. Katika Kiswahili limeingia katika ngeli ya I-/ZI-, pamoja na maneno mengine mengi ya kukopwa. Silabi yake ya mwisho inafanana na kiambishi ki-, lakini kwa kuwa haiko mwanzoni, neno halikupata bahati ya kitabu, ambacho wasemaji walikipa wingi wa vitabu kana kwamba kilizaliwa na Kibantu. Kwa hiyo anayeifuata keki kwa njia ya jina atafika haraka katika nyumba za maofisa wa kikoloni, katika madarasa ya maarifa ya nyumbani na katika maduka ya mikate ya katikati ya mji. Atahitimisha kwamba keki ni jambo la karne ya 20, lililoletwa na wageni, na kwamba vitongoji kama Temeke na Magomeni vililipokea mwisho kabisa.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba hitimisho hilo lina kasoro, na kwamba kasoro yake ni ya kiisimu kabla ya kuwa ya kihistoria. Kitu kinachoumuliwa au kupigwa mayai, kikatiwa sukari na iliki, kikaokwa ndani ya chombo na kukatwa vipande kwa ajili ya wageni, kilikuwapo pwani kikiwa na jina jingine. Kiliitwa mkate. Historia yake imehifadhiwa zaidi katika vitenzi na vipimo kuliko katika nomino. Jambo la kusikitisha ni kwamba vitenzi na vipimo hivyo ndivyo vinavyotoweka sasa, mara nyingi bila kuandikwa mahali popote.

2. Mkate kabla ya keki

Katika matumizi ya zamani, neno mkate lilikuwa na eneo pana la maana. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili-Kiingereza ya mwaka 1939, aliliorodhesha kwa maana ya kitu chochote kilichoumbwa kwa donge au unga ulioshikana, hata tumbaku iliyogandamizwa, ambayo iliitwa mkate wa tumbaku. Leo kijana wa Mwananyamala akitumwa mkate dukani hatauliza ni mkate gani. Atarudi na mkate wa boflo uliokatwa vipande na kufungwa katika mfuko. Hapa pana mfano mzuri wa kusinyaa kwa maana. Neno lililotawala familia nzima ya vyakula limebaki na mtoto mmoja, na watoto wengine wamegawanywa kwa walezi wapya.

Hata hivyo, familia ya zamani bado inajitambulisha kwa vifafanuzi vyake. Upo mkate wa ufuta, ambao jina lake linataja kiambato. Upo mkate wa mofa, ambao jina lake linataja tanuri unamookwa. Upo mkate wa kumimina, ambao jina lake linataja kitendo, na mkate huohuo huitwa pia mkate wa sinia kwa anayetazama chombo. Upo mkate wa mayai, ambao msikilizaji wa leo angeuita keki bila kusita, kwa kuwa ni mayai, sukari, unga wa ngano na iliki, basi.

Linganisha majina hayo na majina ya keki: keki ya harusi, keki ya besdei, keki ya kipaimara, keki ya kumuaga mfanyakazi. Ni kweli kwamba zipo keki za ndizi, za karoti na za chokoleti, lakini mkabala mkuu wa majina umebadilika. Jina la mkate hueleza jinsi ulivyotengenezwa, ilhali jina la keki hueleza shughuli iliyosababisha inunuliwe. La kwanza ni jina la mpishi, na la pili ni jina la mteja. Ndiyo maana katika harusi nyingi za Dar es Salaam ndafu, yaani mbuzi mzima aliyebanikwa, huweza kuwekwa mezani, kukatwa na maharusi na kuitwa keki bila mtu yeyote kushangaa. Hakuna unga wala sukari ndani ya ndafu. Kilichomfanya awe keki ni nafasi yake katika sherehe. Vivyo hivyo wanasiasa huzungumzia mgawo wa keki ya taifa, na hakuna anayeuliza imeokwa kwa nini.

Mtafiti wa mapishi ya kale, kwa hiyo, hana budi kutafuta upande wa mpishi. Mkate wa kumimina unafaa kuwa mfano wa kwanza. Mchele hurowekwa, husagwa pamoja na tui la nazi, hutiwa hamira, sukari na iliki, kisha rojo huachwa liumuke. Likiisha kuumuka humiminwa katika chombo kilichopakwa mafuta na kupashwa moto. Ngano haimo kabisa. Huu ni mkate mtamu wa watu wa mchele na minazi, na kwa mji ambao majirani zake wa kusini ni wakulima wa mpunga wa bonde la Rufiji, hauhitaji maelezo mengine ya kuwapo kwake. Mwezi wa Ramadhani, jioni, mkate huo huuzwa kando ya barabara za Temeke na Magomeni pamoja na vitumbua na kaimati, na wanunuzi wake si Waislamu pekee.

Mkate wa mayai unaleta swali gumu zaidi. Muundo wake unafanana na wa keki ya Wareno iitwayo pão de ló, ambayo nayo ni mayai, sukari na unga bila mafuta. Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 na wakaipoteza Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Kiswahili kimebaki na maneno yao kama vile meza, leso, karata na mvinyo. Je, mkate wa mayai nao ni urithi wao? Ufanano wa viambato peke yake si ushahidi wa kutosha. Linganisha na Japani, ambako Wareno walifika katika karne ya 16. Huko keki ya mayai huitwa kasutera, jina linalobeba ndani yake jina la Castile, na kwa hiyo asili yake haina ubishi. Mswahili yeye alitoa jina la maelezo kutoka katika lugha yake mwenyewe, na jina la maelezo halina pasipoti. Linasema kitu ni nini, wala halisemi kimetoka wapi. Hapo mwanaisimu anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mpenzi wa hadithi.

3. Hamira na tatizo la kusoma mapishi ya kale

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, daftari la mapishi ndiyo maktaba pekee ya fani hii. Ni daftari la shule lenye kurasa zilizopata madoa ya mafuta, lililoandikwa kwa haraka na mtu aliyekuwa akimsikiliza mama au shangazi. Maelezo yake ni mafupi kwa sababu mwandishi alikwisha kuona kazi ikifanywa. Anayelirithi bila kuona kazi hiyo hukutana na maneno anayodhani anayajua.

Neno hamira ni mfano mzuri. Limetokana na Kiarabu khamira, katika mzizi uleule uliozaa neno khamr, yaani kileo. Dhana ya asili ni uchachu. Kibantu nacho kina neno lake, chachu, kutoka kitenzi chacha, na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalifahamu vema. Lakini katika jikoni za mjini neno hamira limetumika pia kwa unga wa kuumulia usio na uchachu wowote, ule unaoitwa kwa kawaida bekingi pauda. Tofauti kati ya vitu hivi viwili ni kubwa. Hamira halisi ni viumbe hai vidogo sana vinavyokula sukari na kutoa gesi polepole. Bekingi pauda ni mchanganyiko wa magadi na asidi kavu, nao hutoa gesi mara tu unapopata majimaji na moto. Anayetumia kimoja mahali pa kingine atapata kitu kigumu ambacho hata mbuzi atakisusa.

Ikiwa daftari linasema tu “hamira kijiko kimoja”, msomaji atajuaje ni ipi? Jibu limo katika vitenzi vinavyofuata. Ikiwa sentensi inayofuata inasema “funika, acha uumuke”, basi ni hamira ya kuchachua. Ikiwa inasema “mimina kwenye bati, oka mara moja”, basi ni unga wa kuumulia. Nomino ina utata, na kitenzi huuondoa. Mwanafunzi aliyezoea kuchambua sentensi za ushairi kwa njia hii ataona kwamba daftari la mapishi linastahili uchambuzi uleule.

Mbinu hii husaidia pia kupanga mapishi katika tabaka za wakati. Bekingi pauda ilivumbuliwa na Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham, mwaka 1843. Pishi linaloitegemea haliwezi kuwa limebuniwa kabla ya hapo, na kwa pwani yetu huenda likawa la baadaye sana. Mkate wa mayai, ambao huumuka kwa hewa iliyonaswa katika mayai yaliyopigwa, ni wa mbinu ya kale zaidi. Tanbihi inahitajika, kwani kale ya mbinu si lazima iwe kale ya daftari. Bibi wa Chang'ombe anaweza kuwa aliliandika pishi la mbinu ya karne ya 16 katika daftari la mwaka 1975.

4. Vipimo: kibaba, kikombe na yai

Kipimo ni sehemu ya pili ambamo mapishi ya kale hupotea huku maneno yakibaki yamesimama. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba inajulikana na kila mtoto wa shule, lakini ni wangapi wanaokumbuka ujazo wa kibaba? Vibaba viwili vilikuwa kisaga kimoja, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Kibaba cha nafaka kilikaribia ratili moja na nusu, yaani gramu 700 hivi. Hivyo mkate wa kumimina wa kibaba kimoja cha mchele ulikuwa mkate wa familia, na ule wa pishi moja ulikuwa mkate wa shughuli. Pamoja na vipimo hivyo vya ujazo vilikuwapo vya uzani, ratili na wakia, kisha madarasa ya enzi ya Waingereza yakaleta paundi na aunsi. Nchi ilipohamia kilo na lita baada ya uhuru, daftari moja liliweza kuwa na mifumo mitatu katika ukurasa mmoja.

Waokaji wa kale walikuwa na njia ya kukwepa mkanganyiko huo, nayo ni uwiano. Mkate wa mayai hukumbukwa kwa urahisi kama mayai 6, kikombe cha sukari, kikombe cha unga. Vikombe vikiwa vikubwa au vidogo, mradi ni kikombe kilekile, sukari na unga havitatengana. Uingereza nayo ilikuwa na mbinu kama hiyo. Keki iliyopewa jina la ratili, ambayo Hannah Glasse aliiweka katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1747, ilihitaji ratili moja ya unga, moja ya siagi, moja ya sukari na moja ya mayai. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuibeba kichwani maisha yake yote. Uwiano ni fasihi simulizi ya jikoni, kwani umejengwa ili ukumbukwe.

Lakini uwiano nao una adui, naye ni yai. Katika Kiswahili cha leo husemwa yai la kienyeji na yai la kisasa. Zamani hapakuwa na haja ya kifafanuzi, kwa sababu yai lilikuwa yai. Kifafanuzi kilizaliwa pale kuku wa mabanda walipoingia mjini na kulifanya jina la kawaida liwe na utata. Jina la aina hii, ambalo kitu cha zamani hupewa baada ya kupata mpinzani mpya, ni alama ya wakati katika lugha, kama jiko la mkaa lilivyopata jina lake kamili baada ya majiko ya umeme na gesi. Kwa mwokaji jambo hili si la nadharia. Yai la kienyeji lina uzito wa gramu 40 hivi, na la kisasa hukaribia gramu 57. Pishi la kale lenye mayai 10 lilikuwa na gramu 400 za mayai, na leo gramu hizo hupatikana kwa mayai 7 tu. Anayetii daftari kwa uaminifu na kuvunja mayai 10 ya kisasa atapata mkate uliolowa na wenye shombo, naye atamlaumu bibi yake kwa kosa la kamusi.

5. Kupalia

Kitenzi kimoja kinastahili sehemu yake chenyewe. Mapishi ya vitongojini yalizaliwa na kukua bila oveni. Magomeni na Temeke zilipangwa kuwa maeneo ya makazi ya Waafrika katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, na nyumba zake za vyumba vingi na ua mmoja zilipikiwa kwa kuni na mkaa. Mwokaji aliweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaupasha moto, akatia bati la rojo juu ya mchanga, akafunika kwa mfuniko bapa, kisha akatandaza makaa ya moto juu ya mfuniko. Kitendo cha mwisho huitwa kupalia.

Msemaji wa leo analijua neno hili katika maana nyingine. Chakula humpalia mtu kikiingia njia isiyo yake, na mkulima hupalilia shamba. Maana ya jikoni inatokana na kitenzi kupaa, yaani kuchukua makaa ya moto, kama katika msemo kupaa moto kwa jirani. Sauti l iliyodondoka katika mzizi hurudi katika kauli ya kutendea, kama inavyorudi katika kaa na kalia, vaa na valia, zaa na zalia. Kupalia, basi, ni kuchukua makaa kwa ajili ya kitu. Mofolojia hiyo fupi imebeba picha nzima, yaani moto unaohamishwa kutoka mahali pake pa kawaida, chini ya chungu, na kupelekwa juu kwa faida ya chakula.

Ndani ya kitenzi hicho mna maarifa ya joto. Makaa ya juu yakizidi ya chini, uso wa mkate hufunga kabla kiini hakijapanda, kisha hupasuka. Ya chini yakizidi, kitako huungua na kiini kubaki kibichi. Mpishi mzoefu husema palia kidogo, ongeza, punguza, bila kutaja nyuzi za joto, na huthibitisha kwa njiti ya ufagio inayochomekwa katikati na kutoka kavu. Kuoka ni neno la Kibantu la kale, lenye dhana ya kuivisha kwa joto kavu la moto. Tanuri limetoka Kiarabu, na kabla ya hapo lilikuwapo katika lugha za kale za Mesopotamia. Sufuria nalo lina asili katika jina la Kiarabu la shaba. Wageni wote hao walikaa pamoja katika ua mmoja wa Temeke, na aliyewapa kazi ni kitenzi kupalia.

6. Keki katika miaka ya uhaba

Neno ngano lina maana mbili katika Kiswahili, nafaka na hadithi, na ngano ya ngano mjini Dar es Salaam haijaandikwa kwa ukamilifu. Viwanda vikubwa vya kusaga nafaka vilitaifishwa mwaka 1967, na Shirika la Usagishaji la Taifa likaundwa mwaka 1968. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, unga wa ngano, sukari na mafuta ya kupikia viliadimika. Neno foleni, ambalo wengi hulihusisha na amri ya gwaride ya Kiingereza, likawa neno la kila siku mbele ya maduka ya ushirika. Mwaka 1983 ilifuata kampeni dhidi ya wahujumu uchumi.

Mapishi ya miaka hiyo yanatambulika kwa kinachokosekana. Mwokaji aliyekosa mayai aliweza kutegemea maziwa ya mgando na magadi. Asidi ya maziwa ikikutana na magadi hutoa gesi, na keki hupanda bila yai hata moja. Ndizi iliyoiva sana ilishika nafasi ya sehemu ya sukari. Mafuta ya nazi yalishika nafasi ya siagi. Ukurasa wa daftari unaosema “kama yapo” baada ya neno mayai ni waraka wa historia ya uchumi, ingawa aliyeuandika alidhani anaandika keki tu. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, viambato vilirudi madukani, na kurasa hizo zikafungwa. Wengi waliziona kuwa kumbukumbu ya aibu. Hazikustahili kuonewa aibu.

7. Vitenzi vinapokopwa

Leo vijana wengi wa Kinondoni, Temeke, Mbagala na Sinza wanaendesha maisha yao kwa keki. Huoka nyumbani, hupokea oda kwa simu, na hupeleka kazi zao kwa bodaboda. Ni ajira ya heshima, na ubunifu wao katika upambaji ni mkubwa. Msamiati wao una nomino nyingi mpya, kama vile aisingi, fondanti, kapukeki. Nomino hizo hazina madhara, kwa kuwa kitu kipya huja na jina lake, na Kiswahili kimefanya hivyo tangu siku za samli na sukari.

Suala la vitenzi ni tofauti. Wanaisimu wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba nomino hukopwa kwa wepesi zaidi kuliko vitenzi. Kitenzi kinapokopwa mahali ambapo lugha ilikuwa na chake, mabadiliko yamefika ndani. Kitenzi kumiksi, kinachosikika sana miongoni mwa waokaji vijana, kimechukua nafasi ya vitenzi visivyopungua vitano. Kuchekecha ni kupitisha unga katika chekeche ili usiwe na madonge. Kufikicha ni kusugua mafuta na unga kwa ncha za vidole hadi viwe kama chenga. Kupiga ni kuyatia mayai hewa kwa mchapo mpaka yaumuke na kuwa meupe. Kukoroga ni kuzungusha mwiko ili vitu vichanganyike bila nguvu. Kukanda ni kutumia uzito wa mikono ili donge livutike.

Tofauti hizi ni za kikemia. Unga wa ngano ukikandwa, protini zake huungana na kufanya utando unaovutika, unaofaa kwa mkate wa boflo na usiofaa kwa keki. Unga ukifikichwa kwa mafuta kwanza, utando huo hauungani, na matokeo huwa laini na yenye kumong'onyoka. Mayai yasipopigwa, mkate wa mayai haupandi, kwa kuwa hauna kitu kingine cha kuupandisha. Mwanafunzi anayesoma “kufikicha” katika daftari la bibi yake na kuelewa “kumiksi” amesoma neno na kukosa pishi. Anapoangalia kipande kigumu mbele yake, husema kwamba mapishi ya zamani hayakuwa mazuri. Mapishi yalikuwa mazuri, ila tafsiri ndiyo iliyokosewa, tena ndani ya lugha ileile moja.

8. Hitimisho

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema. Hakuna mwenye busara atakayetaka bibi aendelee kuvuta moshi, wala misitu ya Pwani na Morogoro iendelee kugeuzwa mkaa, ili mtafiti apate msamiati. Kupalia kutaondoka, na ni haki kuondoke. Swali ni iwapo kutaondoka kukiwa kumeandikwa.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 na kurudiwa mwaka 2004 na 2013, ni kazi kubwa ya taifa. Lakini kamusi ya jumla haiwezi kubeba kila kitenzi cha kila ufundi pamoja na mipaka yake. Kazi hiyo ni ya istilahi za fani, na fani ya uokaji wa nyumbani imesahauliwa kwa sababu wataalamu wake ni wanawake wasio na vyeti. Baharia, mhunzi na mjenzi wa jahazi wamepata watafiti. Mwokaji wa mkate wa kumimina hajapata wa kutosha.

Njia ya kuikusanya fani hii haiwezi kuwa hojaji. Bibi akiulizwa “kupalia ni nini?” atajibu “ni kupalia tu”, na jibu lake litakuwa sahihi. Maana hujitokeza kazi inapofanywa, pale anaposema “hapo umekoroga, hukupiga”, au anapochukua makaa mawili juu ya mfuniko na kuyarudisha jikoni bila kusema neno. Mtafiti lazima aoke. Lazima aunguze mkate wa kwanza, arudie wa pili, na aandike kila kitenzi alichosahihishwa. Daftari lake likiwa na madoa ya mafuta kama lile la shangazi yake, asiogope kulileta mbele ya msimamizi wa tasnifu.

Wanafunzi wengi waliokuja kusikiliza mhadhara huu watarudi leo jioni Temeke, Mbagala, Magomeni na Mwananyamala. Katika nyingi ya nyumba hizo, au katika nyumba ya jirani, yupo mtu anayeweza bado kupima kibaba kwa jicho na kupalia bila kuunguza. Umri wake hausubiri ratiba ya muhula. Anayetaka kujua mkate wa mayai ulikuwa nini kabla ya kuitwa keki aingie uani, anawe mikono, na aombe apewe mchapo.